Padre Gregor Mendel: Mwalimu Aliyefeli Mtihani Mara Mbili



Leo kwenye kona yetu ya maisha ya waamini waliotutangulia nimewaletea padre mmoja ambaye jina lake mmeshalisikia darasani kwenye somo la Biolojia. Wengi tunalikariri kwa ajili ya mtihani, halafu tunalisahau. Na wengi hatujui kabisa kwamba alikuwa padre. Mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Lakini kabla sijamtaja, hebu nianzie nyumbani kwa bibi yangu, upande wa Ikungi.

Bibi hapandi mche mmoja wa mpapai kwenye shimo, anapanda mitatu. Tulipokuwa wadogo kazi ya kumwagilia ilikuwa yetu, na wenzangu wa Singida mnajua maji ya kiangazi yanavyopatikana: ni ndoo kichwani na safari ndefu. Tunamwagilia miche yote mitatu miezi mitano, sita, mpaka itoe maua. Hapo bibi anapita na panga. Ule wenye maua yanayoning'inia kwenye vijiti virefu ni dume, hauzai, anaukata. Kwa hiyo maji yote tuliyoubebea yamekwenda bure. Mwaka mmoja mashimo mawili yalitoa madume matupu. Nililia, jamani.

Sababu ni kwamba mche wa mpapai ukiwa mdogo haujui uuangalieje. Dume na jike vinafanana kabisa. Kitu kinachovitofautisha kimo ndani, lakini kimefichika.

Sasa, mtu tunayemzungumzia leo ndiye aliyetufungulia mlango wa kujua vitu vilivyofichika ndani ya mimea. Anaitwa Padre Gregor Mendel. Hajatangazwa mtakatifu wala mwenyeheri, kwa hiyo simleti hapa kwa sala za kumwomba atuombee. Ninamleta kama kaka yetu katika imani, mtu aliyefeli, akaumwa, akapuuzwa, na bado akaifanya kazi yake kwa uaminifu.

Mtoto wa mkulima

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho siku hizi kinaitwa Hynčice na kiko nchi ya Cheki. Wakati ule eneo hilo lilikuwa chini ya dola ya Austria. Alibatizwa kwa jina la Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo. Na usifikiri mkulima wa Ulaya enzi hizo alikuwa na raha: siku tatu za kila wiki Anton alipaswa kufanya kazi bila malipo kwenye ardhi ya bwana mwenye eneo. Shamba lake mwenyewe alilishughulikia siku zilizobaki.

Johann alikuwa mtoto wa kiume pekee, katikati ya dada wawili, Veronika mkubwa na Theresia mdogo. Kwa desturi, yeye ndiye aliyetarajiwa kurithi shamba.

Paroko wao, Padre Johann Schreiber, alikuwa fundi wa miti ya matunda. Aliwafundisha wanakijiji na watoto wa shule namna ya kutunza miti na kuibebesha, yaani kuchukua kikonyo cha mti mzuri na kukiunganisha kwenye shina la mwingine, kama wanavyofanya leo kwenye vitalu vya miembe na michungwa. Anton naye alipenda bustani yake ya matunda, na mtoto akajifunza kando ya baba. Kwa hiyo shule ya kwanza ya sayansi ya Mendel ilikuwa chini ya miti ya matunda, na walimu wake walikuwa baba yake na padre wa kijiji.

Walimu waliona kichwa chake ni chepesi, wakashauri asomeshwe. Wazazi walikubali, lakini hela haikutosha. Akiwa sekondari katika mji wa Opava, walimlipia nusu tu ya chakula. Nyumbani walimtumia mikate na siagi pale ilipowezekana. Wale mliosoma shule za kutwa mkibeba viporo, au mkakaa kwenye vyumba vya kupanga na debe la mahindi kutoka kijijini, mnaelewa ninachosema.

Mwaka 1838 baba yake aliumizwa vibaya kifuani na gogo akiwa kwenye zile kazi za lazima. Hakupona sawasawa tena. Johann alikuwa na miaka 16. Tangu hapo alijitegemea kwa kufundisha wenzake masomo ya ziada, huku njaa na wasiwasi vikimlaza kitandani mara kwa mara. Zaidi ya mara moja ilibidi arudi nyumbani akiwa mgonjwa.

Mdogo wake, Theresia, ndiye aliyemwokoa. Alitoa sehemu ya mali iliyowekwa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka aendelee na masomo. Kwa binti wa kijijini wa zama zile, hicho kilikuwa kitu kikubwa sana. Mendel hakukisahau. Miaka mingi baadaye aliwasomesha watoto watatu wa kiume wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Padre asiyeweza kukaa wodini

Mwaka 1843 profesa wake wa fizikia alimpendekeza kwa Waaugustino wa monasteri ya Mtakatifu Thoma katika mji wa Brno. Akapokelewa na kupewa jina la kitawa, Gregor. Mwenyewe hakuficha kwamba shida za maisha zilichangia uamuzi wake. Alitaka kusoma bila kuwaza kesho atakula nini. Wengine tunadhani wito ni lazima uanze na sauti kutoka mbinguni. Mungu anaweza kutumia hata njaa ya mwanafunzi kumpeleka mtu mahali anapomtaka, na humohumo wito ukakua na kukomaa.

Abate wao, Cyril Napp, aliipenda elimu. Monasteri ilikuwa na maktaba kubwa, bustani, na watawa waliofundisha shule mbalimbali za mji. Mkiambiwa mitaani kwamba Kanisa na sayansi ni maadui, kumbukeni monasteri hii.

Mwaka 1847 Gregor alipadrishwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kichungaji, ikiwemo kuwatembelea wagonjwa. Hapo akashindwa. Kila alipokaa karibu na mtu mwenye maumivu makali aliumia rohoni kiasi kwamba yeye mwenyewe akaugua. Abate Napp angeweza kumwona mzembe. Badala yake alimtazama vizuri, akaona kipaji chake kiko kwingine, akampeleka kufundisha shule ya mji wa Znojmo mwaka 1849. Wanafunzi walimpenda.

Mtihani

Ili awe mwalimu kamili alitakiwa kufanya mtihani wa serikali Vienna. Mwaka 1850 akaenda. Masomo mengi alikuwa amejisomea mwenyewe, bila chuo wala maabara. Akafeli.

Napp hakumtupa. Alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna, na huko kuanzia 1851 hadi 1853 Mendel alisoma fizikia, hesabu na elimu ya mimea kwa walimu wazuri sana, mmoja wao Christian Doppler. Alirudi Brno akaanza kufundisha shule ya mji. Mwaka 1856 akaenda kujaribu tena ule mtihani. Wasiwasi ukamshika, akaugua, akarudi bila cheti.

Hakujaribu mara ya tatu. Alifundisha miaka 14 akiwa mwalimu wa muda, bila kile cheti, mpaka alipoacha ualimu mwaka 1868.

Hapa naomba nisimame kidogo. Mimi nilirudia Kidato cha Nne. Matokeo ya kwanza yalipotoka, nilikuwa ninakaa benchi la mwisho kanisani na kutoka kabla ya matangazo, ili nisikutane na wenzangu wa TYCS pale nje. Jumuiya nikaacha kwenda. Nilidhani kila mtu ananihesabia alama zangu. Kwa kweli hakuna aliyekuwa na habari na mimi, lakini aibu haisikii hoja. Kama wakati ule mtu angenieleza kwamba mwanzilishi wa elimu ya urithi wa viumbe alifeli mtihani wa ualimu mara mbili, sijui kama ningepata daraja la juu zaidi. Najua tu kwamba ningerudi jumuiya mapema.

Maana angalieni tarehe. Mwaka uleule wa 1856, aliporudi Brno mikono mitupu, ndio mwaka alioanza kuvuka njegere zake.

Miaka minane kwenye kishamba cha monasteri

Ndiyo, njegere, hizihizi za kwenye pilau. Eneo lenyewe lilikuwa na urefu wa mita 35 hivi na upana wa mita 7, kando ya ukuta wa monasteri.

Swali lake lilikuwa rahisi: kwa nini mtoto anafanana na mzazi katika jambo moja na si katika jingine? Watu wa wakati ule waliamini kwamba tabia za wazazi zinachanganyika kwa mtoto kama maziwa na chai. Mendel hakubishana nao kwa maneno. Kwanza alijaribu aina 34 za njegere kwa miaka miwili ili ahakikishe kila aina inazaa watoto wa aina yake bila kubadilika. Akachagua 22. Kisha akachagua tabia saba za kufuatilia, kama mbegu laini na mbegu yenye mikunjo, mbegu ya njano na ya kijani, mmea mrefu na mfupi.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Unafungua ua kabla halijakomaa, unatoa kwa kibano visehemu vya kiume, unapaka chavua ya mmea mwingine, halafu unalifunika ua ili mdudu asiingize chavua nyingine. Ua moja moja, miaka minane, hadi 1863. Kwa jumla alipitia mimea kama 28,000.

Sasa sikilizeni alichokiona. Alipovuka njegere yenye mbegu laini na yenye mikunjo, watoto wote walitoka laini. Mikunjo haikuonekana hata kwa mmoja. Mtu mwingine angesema imepotea. Mendel akawapanda watoto hao, akasubiri wajukuu, akahesabu mbegu: 5,474 laini na 1,850 zenye mikunjo. Mikunjo imerudi! Karibu tatu kwa moja. Akafanya hivyo kwa rangi ya mbegu: 6,022 za njano, 2,001 za kijani. Tatu kwa moja tena. Tabia zote saba zilikwenda hivyo.

Kumbe kitu hakikuwa kimechanganyika wala kupotea. Kila mmea unabeba nakala mbili za kila tabia, moja ya baba na moja ya mama, na unampa mtoto moja tu. Nakala moja inaweza kuifunika nyingine, lakini iliyofunikwa inabaki nzima, inasafiri kimyakimya, na inaweza kutokea kwa wajukuu. Siku hizi nakala hizo tunaziita jeni.

Ukumbi uliokaa kimya

Februari na Machi 1865 Mendel alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi cha Brno. Yakachapishwa 1866. Alichapishiwa nakala 40 za ziada, akawatumia baadhi ya wataalamu. Kikubwa kilichofuata kilikuwa kimya.

Aliyemjibu kwa kirefu ni Carl Nägeli, profesa maarufu wa Munich. Naye hakushawishika. Waliandikiana kwa miaka, na Mendel akahangaika na mmea ambao Nägeli alikuwa akiuchunguza, ua la mwituni liitwalo Hieracium. Maua yake ni madogo mno, mpaka macho ya Mendel yakaumia. Na matokeo yakakataa kufuata kanuni yake. Baadaye sana ndipo ilipojulikana sababu: mmea ule hutengeneza mbegu bila kuchavushwa, kwa hiyo watoto wake ni nakala ya mama tu. Mendel hakuwa na namna ya kuona hilo.

Mwaka 1868 wenzake walimchagua kuwa abate. Majukumu yakamlemea, muda wa bustani ukapungua. Aliendelea kufuga nyuki, kupima hali ya hewa na kutunza miti ya matunda, mapenzi yake ya utotoni. Mwaka 1874 serikali ilileta kodi mpya kwa nyumba za watawa. Yeye akaiona si ya haki, akakataa kuilipa mpaka kufa. Ugomvi huo ulimkosesha marafiki, na wapo waliosema amekuwa mkaidi. Inawezekana walikuwa na haki kidogo. Hakuwa malaika.

Alifariki tarehe 6 Januari 1884, siku ya Epifania, kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka 61. Maskini wa Brno walimlilia, maana alikuwa mkarimu kwao. Mwanamuziki Leoš Janáček aliongoza muziki wa Misa ya mazishi. Walimzika abate mwema, wala hawakujua kwamba wanamzika mtu ambaye vitabu vya shule dunia nzima vingemtaja. Karatasi zake nyingi zikachomwa.

Mwaka 1900, miaka 16 baada ya kifo chake, wanasayansi watatu wa Ulaya, kila mmoja kwa njia yake, walifikia kanuni zilezile, na wakakuta zimeshaandikwa na padre mmoja wa Brno miaka 34 nyuma. Tabia iliyofunikwa ikatokea kwa wajukuu.

Turudi kwenye papai, na mng'ongo

Mtaniuliza, njegere za Brno zinatuhusu nini sisi wa Singida?

Zinatuhusu, tena sana. Njegere unaipanda leo, baada ya miezi michache unahesabu watoto. Mti wa matunda hauko hivyo. Mwembe wa mbegu unaweza kukuchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kuona tunda. Ukitaka kufuatilia wajukuu wa mwembe kwa njia ya Mendel, uzee unakukuta njiani. Ndiyo maana watafiti wa siku hizi wanatafuta kitu kinachoitwa alama za vinasaba.

Fikiria chapa ya ng'ombe. Sisi tuliokulia kwenye mifugo tunajua kwamba chapa haimfanyi ng'ombe atoe maziwa. Inakuonyesha tu anatoka boma gani, hata akichanganyika na mia mbili wengine mnadani. Alama ya vinasaba ni hivyo: kipande kidogo cha DNA kinachotofautiana kati ya mti na mti. Aina moja ya alama ni mahali ambapo herufi chache za DNA zinajirudia, kama mpiga ngoma anayerudia pigo moja. Mti huu unarudia mara nane, ule mara kumi na mbili. Mtafiti anachukua kipande cha jani, anasoma marudio hayo, anajua mti huu ni wa ukoo gani. Na kama alama fulani kila mara inasafiri pamoja na tabia fulani, basi ukiiona alama kwenye mche mdogo unajua tabia imo, hata kabla haijatokea. Hapo kuna kanuni za Mendel tupu: nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi.

Kwa mpapai, watafiti walishapata alama zinazotambulisha dume na jike kwa kipande cha jani la mche. Yale maji ya bibi yangu! Bado huduma hiyo haijafika kitaluni kwetu, lakini mlango uko wazi. Mipapai ina ndugu wa porini pia kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini, na baadhi yao wanastahimili virusi vinavyoua mipapai ya mashambani. Watafiti wamejaribu kuwavusha ili sifa hiyo ihamie kwenye papai, na alama huwaonyesha kama kweli imehamia. Kwa michungwa na baadhi ya miembe, ambayo mbegu zake zinaweza kutoa nakala ya mama kama lile ua lililomtesa Mendel, alama ndizo zinazotenganisha nakala na mtoto halisi. Kile kilichomwangusha mzee wetu, leo kinapimwa kwa jani moja.

Hapa Tanzania watafiti wa Mikocheni, Dar es Salaam, walitumia alama za vinasaba kuchunguza mikorosho yetu, zao ambalo sasa limeingia hata Manyoni. Lakini ninayetaka mumkumbuke ni ndugu wa porini wa mkorosho na mwembe. Tunaye hapahapa, anaitwa mng'ongo. Wengi mmekula matunda yake ya njano mkichunga, bila kujua kwamba yuko ukoo mmoja na mwembe. Naye, kama mpapai, ana miti dume na miti jike. Ana aina ndogo tatu Afrika nzima, na zote tatu zinapatikana Tanzania. Watafiti waliposoma alama za vinasaba vya ming'ongo ya nchi kadhaa, ya Tanzania ilionekana kuwa na utofauti mkubwa. Mpango wa Afrika wa mazao yaliyosahaulika, wenye makao yake ICRAF, Nairobi, umeuweka mng'ongo na mbuyu katika orodha ya mimea 101 itakayosomwa vinasaba vyake, na usomaji wa kwanza wa mng'ongo ulitolewa mwaka 2019.

Sasa fikiria. Mti ambao sisi tunaukata kwa mkaa bila kuwaza, wengine wanausoma herufi kwa herufi. Unastahimili jua letu na mvua yetu ya msimu mmoja. Ndani yake huenda kuna kitu ambacho wajukuu wetu watakihitaji, na bado hakijaonekana. Tukiukata mng'ongo wa mwisho wa kijiji, hakuna maabara itakayoturudishia.

Tunajifunza nini?

Mimi naondoka na mambo matatu.

La kwanza, kilichofichika si kilichopotea. Umefeli, umeachwa, umenyimwa nafasi, kipaji chako hakionekani. Mungu aliyekiweka bado anakijua. Yesu alipotoa mfano wa mbegu inayoota mkulima akiwa amelala, alikuwa anatueleza jambo hilihili.

La pili, fanya kazi yako vizuri hata kama hakuna anayepiga makofi. Mendel hakujua kama kuna mtu atasoma hesabu zake. Angeweza kuandika namba za kubuni. Aliendelea kuhesabu mbegu moja moja. Kijana wa VIWAWA anayeweka kumbukumbu za mfuko wa kikundi kwa ukweli, ingawa hakuna anayezikagua, anafanya kazi ya Mendel.

La tatu, kuwa Theresia au Napp kwa mtu fulani. Bila dada aliyetoa mali ya ndoa yake, na bila mkubwa aliyemtazama kijana aliyefeli akamwona mtu, tusingekuwa na Mendel wa kumsoma. Labda mwaka huu si zamu yako kufaulu. Labda ni zamu yako kumbeba mwenzako.

Mwaka 2021 watafiti wa Brno walifukua mabaki ya Mendel kwa heshima na kwa ridhaa ya Waaugustino, na mwaka 2022, ilipotimia miaka 200 tangu azaliwe, walitangaza kwamba wamesoma vinasaba vyake. Mtu aliyewafundisha wengine kusoma kilichofichika ndani ya viumbe, naye amesomwa. Lakini yote yaliyokuwa moyoni mwake anayasoma Mungu peke yake.

Maswali ya kutafakari kwenye jumuiya

1. Ni jambo gani maishani mwangu nimeshalihesabu kuwa limepotea, wakati huenda limefichika tu?
2. Nani alinitolea kitu ili nifike hapa nilipo, na nimemshukuruje?
3. Kijijini kwetu kuna miti gani ya matunda ya porini, na vijana tunaweza kuitunzaje? (Pendekezo: parokia yenu ianze kitalu kidogo msimu huu, na miche ya mng'ongo, mkwaju na mbuyu iwemo.)

Sala

Ee Bwana, uliyeviumba vyote na kuweka ndani ya kila mbegu siri yake, tunakushukuru kwa ajili ya mtumishi wako Gregor. Uwatie nguvu vijana wanaosubiri matokeo, na wale waliokwisha kuyapata wakalia. Utupe subira ya kuhesabu mema madogo madogo, na macho ya kuona thamani ya wenzetu kabla hawajachanua. Utujalie kuitunza nchi yetu na miti yake. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Wiki njema, wapendwa. Na kama bibi yako naye anapanda mipapai mitatu kwenye shimo, leo usinung'unike. Mbebee ndoo.